Kufufua Kompyuta Kongwe: Kazi Yake, Hasara Yake na Faida Yake

(Hotuba iliyosomwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa chama chetu, bwaloni. Tunaichapa kama alivyoisoma, ila salamu za mwanzo tumezifupisha. – Mhariri)



Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze, aliniambia nichague jambo lolote ninalolijua vizuri. Nilifikiri siku mbili. Mambo ninayoyajua vizuri ni machache, na karibu yote mke wangu amekwisha kuyachoka. Lile alilolichoka kuliko yote ndilo nililokuja nalo. Nyumbani kwangu kuna chumba kilichojengwa kiwe cha wageni, lakini hakuna mgeni aliyepata kulala humo. Kimejaa kompyuta kongwe saba, pamoja na skrini zake, waya zake na vumbi lake. Watoto wa jirani wanakiita makaburini. Leo nimekuja kuwaeleza kwa nini ninayatunza makaburi hayo, na kwamba wakati mwingine maiti huamka.

Ndugu Mwenyekiti, niliingia kidato cha kwanza hapa mwaka 1976. Miaka miwili kabla ya hapo, yaani mwaka 1974, Serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mashine zile zilikuwa ghali mno, wataalamu wake walikuwa wa kuhesabika, na fedha za kigeni zilitakiwa kwa mambo mengine. Basi sisi tulisoma habari za kompyuta kama mtu wa bara anavyosoma habari za nyangumi. Mwalimu wetu wa hesabu alichora ubaoni visanduku vinne, akaviunganisha kwa mishale: kupokea, kukumbuka, kukokotoa, kutoa. Akasema, "Hii ndiyo kompyuta." Tukanakili. Mmoja wetu aliuliza inakula nini, akapewa kufyeka majani nyuma ya jiko. Wenzangu mnaocheka mnamjua ni nani.

Lakini shule hii ilinipa kitu cha pili, nacho ni karakana. Fundi wetu wa karakana alitufundisha kushika tupa, kuchomea risasi na kufungua redio iliyokufa. Alikuwa na kanuni moja ambayo alitukaririsha kila Jumamosi: usikifungue kifaa, wala usikiwashe, mpaka uweze kueleza kilikuwa kinafanyaje kazi kilipokuwa kizima. Naomba mwikumbuke kanuni hiyo, kwa sababu mbele nitawaambia siku niliyoivunja.

Mwaka 1991 nilipata nafasi ya kwenda Uingereza kusomea uhandisi. Nikaingizwa katika chumba chenye meza ishirini, na juu ya kila meza ilikuwepo kompyuta ya aina ambayo kwa lugha ya viwandani huitwa wekistesheni. Ndiyo, stesheni, lakini hii haina treni. Kabla ya hapo, ofisi au chuo kilikuwa na kompyuta moja kubwa, na watu wakigawana muda wake kama mtaa mzima unavyogawana bomba moja la maji. Kompyuta ndogo za mezani zilikuwepo, lakini hazikuweza kuchora daraja au kukokotoa mkondo wa maji chini ya ardhi. Wekistesheni ilikuwa katikati: mashine yenye nguvu ya kazi nzito, akipewa mtu mmoja, ikiwa na skrini kubwa ya picha, na imeungwa kwa waya na wenzake.

Historia yake ni fupi, nami nitaipita haraka. Mwaka 1973 watafiti wa kampuni ya Xerox huko California walijenga mashine iitwayo Alto, yenye skrini ya picha na kipanya cha mkononi. Hawakuiuza madukani, lakini walioiona hawakuisahau. Vyuo vikuu vya Marekani vikaanza kutamani mashine yenye mambo matatu: kumbukumbu ya megabaiti moja, skrini ya nukta milioni moja, na uwezo wa kutekeleza amri milioni moja kwa sekunde. Kampuni ya Apollo ilianzishwa mwaka 1980 kwa kazi hiyo. Mwaka 1982 ikazaliwa Sun Microsystems, kutokana na mashine iliyobuniwa na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Andreas Bechtolsheim, akishirikiana na Vinod Khosla, Scott McNealy na Bill Joy. Watu wengi hudhani jina lile ni la jua tu. Kumbe ni herufi za kwanza za maneno yanayomaanisha Mtandao wa Chuo Kikuu cha Stanford.

Mwaka 1989 Sun walitoa SPARCstation 1, kisanduku bapa chenye kimo cha sentimita 7 hivi, kilichouzwa kuanzia karibu dola 9,000. Mwaka 1991 ikatoka ndogo yake iitwayo IPX, umbo la kisanduku cha kubebea chakula, na ndiyo niliyopewa mimi. Iliweza kubeba kumbukumbu isiyozidi megabaiti 64. Simu ya mkononi yenye gigabaiti 4 inaizidi mara 64, nayo mwenye simu anaitumia kutazama video za paka. Sisi kwa megabaiti hizo tulikuwa tunakokotoa mabwawa.

Msidhani kwamba mashine hizi zilikuwa za wahandisi peke yao. Wale madinosauri wa filamu ya Jurassic Park ya mwaka 1993 walichorwa kwa kompyuta za Silicon Graphics. Na mwaka 1990, katika kituo cha CERN huko Geneva, Tim Berners-Lee aliandika programu za kwanza za ule mtandao wa kurasa ambao leo mnaufungua kila saa. Aliuandika juu ya wekistesheni ya kampuni ya NeXT, na mashine hiyo hiyo ikawa ndiyo inayohudumia kurasa hizo. Juu yake palibandikwa karatasi ya maandishi ya mkono kuwaonya wapitao wasiizime. Kwa maneno mengine, kulikuwa na siku ambapo mfagiaji mmoja angeweza kuzima wavuti wote wa dunia kwa kidole.

Kilichoziua si ubovu. Kompyuta za kawaida zilipanda nguvu mwaka hadi mwaka, nazo bei yake ikawa sehemu ndogo tu ya bei ya wekistesheni. Apollo ilinunuliwa na Hewlett-Packard mwaka 1989, Silicon Graphics ikafilisika na mali yake kuuzwa mwaka 2009, na Sun yenyewe ikamezwa na Oracle mwaka 2010. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mashine zilizonunuliwa kwa maelfu ya dola zikawa zinatupwa.

Ndugu Mwenyekiti, mimi nilianza kukusanya mwaka 2003. Nilikuwa nimesimama nje ya ofisi moja, nikaona gari la taka linapakiwa. Juu ya taka kulikuwa na kisanduku nilichokifahamu kama mtu anavyomfahamu ndugu yake kwa kisogo. Nilimwomba dereva aniuzie. Aliniuliza nina maana gani kununua takataka, kisha akanipa bure kwa huruma. Tangu hapo wauza vyuma chakavu wa mji wetu wananijua. Wao hupima kwa kilo, nami hulipa kwa kilo, na kila mmoja wetu huondoka akiamini kwamba amemlaghai mwenzake.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, maana najua wapo vijana hapa wenye mikono inayowasha.

Jambo la kwanza ni kutoiwasha. Kila aliyeokota mashine hutamani kuchomeka waya aone kitakachotokea, na kitakachotokea aghalabu ni moshi. Fungua skrubu, utazame. Mimi nimekuta kiota cha nyigu, mende wa vizazi vitatu, na mara moja shilingi mbili za zamani. Ondoa vumbi kwa brashi laini. Kisha nusa. Ukisikia harufu kama ya samaki, basi kapasita zimevuja. Kapasita za aina ile zina maji ya dawa ndani yake, na baada ya miaka thelathini maji hayo hutoka na kula shaba ya bodi. Kosa hapo si la mtu, ni umri. Zinatolewa moja moja, bodi inaoshwa kwa spiriti, na mpya zinachomewa, ukiangalia chanya na hasi zisipishane.

Jambo la pili ni hatari, na hapa naomba vijana mnisikilize bila kucheka. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita kubwa inayohifadhi umeme hata waya ukiwa umechomolewa. Mnaosoma fizikia, chukueni volti 230 mzidishe kwa mzizi wa 2. Mnapata 325. Hiyo ndiyo inayokungoja. Skrini za zamani za kioo kinene zina zaidi ya volti 20,000 nyuma yake. Mimi skrini za namna hiyo sizifungui. Nina fundi wa televisheni mwenye umri kama wangu ambaye anazifungua, na yeye huziendea mkono mmoja ukiwa mfukoni.

Jambo la tatu ni saa. Wekistesheni za Sun za miaka ile zina chipu moja nyeusi yenye miguu 24, jina lake M48T02, inayotunza saa pamoja na kitambulisho cha mashine. Betri yake haikuwekwa pembeni, imefungiwa ndani ya kofia ya chipu yenyewe, nayo ilikusudiwa kuishi miaka 10 hivi. Betri ikifa, mashine husahau jina lake. Ukiiwasha inakuambia kwamba kitambulisho chake si halali, haijui anwani yake ya mtandao, wala haijui iamkie kwenye diski ipi. Ni kama mzee aliyeamka usingizini asijue yuko nyumba gani.

Dawa yake ni tupa. Unaikwangua kofia ile taratibu mpaka uione miguu ya betri, unaikata betri mfu, na mahali pake unachomea kishikizo cha betri ya sarafu ya volti 3, ile inayouzwa kwa fundi saa yeyote. Lakini kijiwe kinachoiendesha saa nacho kimo ndani ya kofia hiyo hiyo, upande wa pili. Chipu yangu ya kwanza niliikata kwa msumeno wa chuma, nikijiona hodari, nikapita kijiwe na kila kitu. Ya pili nilitumia tupa na jioni mbili. Baada ya hapo unawasha, mashine inakuletea neno moja tu, ok, nawe unairudishia kitambulisho herufi kwa herufi kwa amri fupi iitwayo mkp. Anwani za Sun zilianza na 080020, na zilizobakia utazikuta kwenye kibandiko ikiwa mende hawakukila.

Jambo la nne ni diski. Za zamani nyingi zimeganda. Siku hizi kuna vibodi vidogo vinavyopokea kadi ya kumbukumbu kama ya simu, vikajifanya diski ya zamani, na mashine haijui tofauti. Na programu zipo. Kuna mfumo wa bure uitwao NetBSD ambao watu wa kujitolea bado wanautengeneza hata kwa mashine hizi, zaidi ya miaka thelathini baada ya kuondoka kiwandani. Hakuna anayewalipa mshahara kwa kazi hiyo.

Ndugu zangu, huenda mtu amekaa hapa anajiuliza: yote hayo ya nini? Mtu mzima, mstaafu, anakwangua betri. Mimi mwenyewe nilijiuliza hivyo kwa miaka kumi na mitano. Jibu lilikuja mwaka 2018.

Wengi wenu mnamkumbuka mwenzetu wa bweni la chini aliyekuwa akikusanya mawe, akayaweka chini ya godoro mpaka kiranja akalalamika. Alikuja kuwa mtaalamu wa maji ya ardhini. Miaka ya tisini alifanya kazi katika mradi wa kupima visima katika nyanda kame za kati, akizunguka kijiji hadi kijiji. Mradi ulifungwa mwaka 1996, wafadhili wakaenda zao, na mitambo ikagawanywa. Yeye aliomba kwa barua kompyuta aliyokuwa akiitumia, akaruhusiwa. Mwaka 2017 Mungu alimchukua.

Mwaka uliofuata mjane wake alinipigia simu. Akasema, "Shemeji, lile sanduku la marehemu liko uvunguni mwa kitanda. Watoto wanataka litupwe. Kabla hawajalitupa, nimeona nikuulize, maana yeye alikuwa haliruhusu hata lifutwe vumbi."

Nilikwenda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama. Ilikuwa IPX, sawasawa na ile niliyosomea. Pembeni yake kilikuwepo kisomea-kanda na kanda tano, kila moja imeandikwa kwa mkono wake jina la tarafa na mwaka. Kipanya kilikuwepo, lakini kipanya cha Sun cha miaka ile hakitembei juu ya meza. Kinatumia mwanga, nacho kinahitaji kibao chake cha chuma chenye mistari myembamba. Kibao hakikuonekana. Tulipoletewa chai ndipo nilipokiona: kimefunika jagi la maziwa. Shemeji alicheka mpaka akalia, na pale alipolia hakuwa tena anacheka.

Nilimuuliza kanda zile zina nini. Akasema, "Maji. Alikuwa akisema maji yote yako humo."

Na kweli yalikuwa humo. Kila kisima walichochimba au kukipima: mahali kilipo, kina chake, maji yanayotoka kwa saa, chumvi yake, na floraidi yake. Mnaotoka sehemu zile mnajua floraidi ni nini, ndiyo inayowafanya watoto wawe na meno ya kahawia, na ikizidi sana hupinda mifupa. Shirika la Afya la Dunia linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kisima kinaweza kuwa na maji mengi na matamu, kumbe ndani yake mna madhara ambayo ulimi hauyasikii. Niliulizia ofisini nakala za karatasi. Zilikuwepo chache. Nyingine zilikuwa zimelowa paa lilipovuja, nyingine hazikupatikana.

Basi nilirudi nyumbani na sanduku nikalifanyia yote niliyokwisha kuwaeleza: kapasita, saa, diski. Kazi ya miezi miwili. Ikabaki kisomea-kanda. Ndani yake kuna gurudumu dogo la mpira linaloisukuma kanda, na mpira ule ulikuwa umeyeyuka ukawa kama lami. Niliukwangua, na mahali pake nikavisha kipande cha mpira wa mafuta wa pikipiki nilichokikata kwa wembe. Ulienea barabara. Nilifurahi kupita kiasi, na furaha ndiyo iliyonipofusha.

Ilikuwa usiku wa saa nne. Nilichukua kanda ya kwanza nikaitia. Sikuifungua kuitazama. Sikujiuliza inafanyaje kazi. Kumbe ndani ya kaseti za aina ile mna ukanda wa mpira unaobana kanda na kuzungusha magurudumu yake, na ukikaa miaka ishirini na zaidi bila kuzunguka, ukanda ule hunata juu ya kanda. Mashine ilipovuta, nilisikia sauti kama ya karatasi inayobanduliwa ukutani. Nikazima. Nilipofungua, mpira ulikuwa umebandua ule unga wa kahawia unaobeba maandishi, na penye unga uliobanduka hapana maandishi. Niliona plastiki tupu, inapenya mwanga.

Fundi wetu wa karakana alikuwa amekwisha kufariki siku nyingi, lakini usiku ule nilimsikia.

Zile nne zilizobaki nilizifungua moja moja mchana, kwa mikono iliyooshwa. Niliondoa mipira ya zamani kwa uvumilivu, nikaweka mipya, nikasafisha kwa pamba na spiriti lile jicho dogo linaloona matundu ya mwisho wa kanda, maana likiwa chafu kanda hutoka kwenye gurudumu lake yote. Kisha nikasoma. Kila kanda ina nafasi ya megabaiti 150, na kila moja niliisoma mara mbili na kulinganisha. Tatu zilitoka safi. Moja ilikuwa na madoa, ila nyingi ya kumbukumbu zake zilisomeka. Wiki tatu baadaye nilikuwa na orodha ya visima mia moja na ushei, nikaichapa, nikatoa nakala tatu: moja ofisi ya maji, moja kwa shemeji, moja kwangu.

Mwaka 2019 kijiji kimoja kilikuwa kimechanga fedha za kuchimba. Mahali walipopachagua palikuwa karibu sana na shimo ambalo mwenzetu aliliandika mwaka 1993: mita 110, kavu. Mhandisi aliwahamisha, wakapata maji. Wazee wa kijiji waliniletea jogoo, nami nikampelekea shemeji, kwa sababu jogoo yule alikuwa wa mumewe.

Lakini hotuba isiyotaja hasara ni tangazo la biashara. Mwaka 2021, katika tarafa iliyokuwa kwenye ile kanda ya kwanza, kijiji kingine kilichimba. Maji yakatoka ya chumvi, hata mbuzi wakayakataa. Sisemi kwamba kanda ile ingewaokoa. Pengine mwenzetu hakufika kijiji kile. Ninachosema ni kwamba zamani palikuwa na njia ya kujua, nami ndimi niliyeifunga kwa pupa ya usiku mmoja. Kanda hiyo sikuitupa. Nimeitundika ukutani katika chumba changu, juu ya meza ya kazi, pale ninapoweza kuiona kila ninaposhika swichi.

Ndugu Mwenyekiti, nimalizie kwa mambo matatu.

La kwanza ni kwa ndugu zangu wa rika langu. Wengi wenu mlikuwa wapimaji, madaktari, wahasibu, maofisa wa misitu. Kazi zenu za miaka ya themanini na tisini zimo katika diski laini na kanda zilizo ndani ya maboksi chini ya ngazi. Usiache mbachao kwa msala upitao. Zitafuteni sasa, wakati ninyi mpo hai wa kueleza nini ni nini. Msizijaribu nyumbani. Ziandikeni majina, ziwekeni pakavu penye kivuli, kisha tuonane.

La pili ni kwa ninyi wadogo zetu. Mtaambiwa kwamba kifaa kikiharibika hutupwa, kwamba hakifunguki, kwamba hamwezi kukielewa. Mashine nilizowaeleza zilitengenezwa na watu waliokuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, na vijitabu vyake vinaeleza kila waya. Ukiifahamu moja mpaka chini, hutaogopa nyingine yoyote. Hapo ndipo penye faida kwa kijana, kuliko hata kanda.

La tatu ni kwa Mkuu wa Shule. Nimekuja na gari, na ndani yake mna SPARCstation 5 moja, nzima, pamoja na skrini yake, kibodi yake, na kipanya chenye kibao chake. Naitoa kwa karakana. Ninaomba meza moja, soketi moja yenye fyuzi nzuri, na Jumamosi mbili kwa mwezi. Mwanafunzi atakayekuja nitamfundisha kuchomea risasi na kuifungua. Kabla ya kuiwasha, lakini, atanieleza kwa mdomo wake inafanyaje kazi. Akishindwa, atafyeka majani nyuma ya jiko, na yule mwenzetu aliyeuliza inakula nini yuko hapa, atamwonyesha panapoanzia.